Thomas Cook, fundi wa mbao aliyefungulia wafanyakazi njia ya safari

Wasomaji wetu, leo tunawaletea maisha ya Mwingereza mmoja, Thomas Cook. Wengi walisikia jina lake juu ya ile kampuni ya safari iliyolibeba mpaka ilipofungwa mwaka wa 2019. Lakini mtu mwenyewe alikufa zamani, mwaka wa 1892. Hakuwa mtoto wa tajiri, hakusoma sana, na hakujua hata lugha moja ya kigeni. Pamoja na ile yote, njo yeye aliyepeleka maelfu ya wafanyakazi, bibi zao na watoto wao kwenye fasi ambazo zamani matajiri tu walikuwa wakiziona. Tunataka kueleza namna alivyofanya, sababu matata aliyokutana nayo yanafanana na yale tunayoyaona kwetu kila mara mtu wa Kolwezi, Likasi ao Kipushi anapofunga valizi kwa kuvuka mpaka.

Mtoto wa kijiji

Thomas Cook alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 11, mwaka wa 1808, katika kijiji cha Melbourne, wilaya ya Derbyshire, katikati ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mikono. Alikufa wakati Thomas alikuwa na miaka mitatu tu. Mama akaolewa tena, lakini umaskini haukutoka nyumbani. Akiwa na miaka kumi, mtoto akaacha masomo, akaingia kazi ya bustani kwa mshahara wa peni moja kwa siku. Peni moja ilikuwa kitu kidogo kabisa hata kwa wakati ule. Alipofika miaka 14 akawekwa kwa mjomba wake kujifunza kazi ya kutengeneza meza, viti na makabati.

Alikuwa mtu wa dini ya Wabaptiste. Alipokuwa kijana wa miaka 20, kanisa likampa kazi ya kutembeza Neno la Mungu katika vijiji. Mwaka wa 1829 peke yake alizunguka zaidi ya kilomita 4,000, na sehemu kubwa alikwenda kwa miguu. Tunaomba msomaji akumbuke jambo hili. Mbele ya kuuzisha tikiti hata moja, huyu mtu alijua uchovu wa njia, alijua kulala kwa watu asiowajua, na alijua namna ya kubisha hodi kwenye mlango wa mgeni.

Kisha franga za kanisa zikaisha, akarudia kazi ya mbao. Mwaka wa 1833 akamwoa Marianne Mason, na mwaka uliofuata wakapata mtoto mwanaume, John Mason. Wakati ule ule Thomas aliapa kuacha pombe. Tuelewe vizuri: katika miji ya Uingereza ya siku zile, kama vile katika kambi nyingi za migodi, siku ya mshahara ilikuwa siku ya kilevi, na siku iliyofuata watoto walilala njaa. Thomas aliona ile, akachukia. Akaingia katika chama cha watu waliokuwa wanapiga vita pombe kali.

Treni ya shilingi moja

Mwezi wa sita wa 1841 alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Market Harborough, mji aliokaa, kwenda Leicester kwenye mkutano wa chama chake. Ni njia ya kilomita kama 24. Treni ilikuwa kitu kipya katika nchi, na wazo likamwingia akiwa njiani: kwa nini kampuni ya treni isikubali kubeba wanachama wote pamoja, kwa bei ndogo, siku moja? Akapeleka wazo lile kwenye mkutano. Wakakubali. Akaenda kuonana na wakubwa wa treni. Nao wakakubali.

Tarehe 5 mwezi wa saba, 1841, watu karibu 500 wakapanda treni pale Leicester kwenda Loughborough, mwendo usiofika kilomita 20. Kila mtu alilipa shilingi moja tu, kwenda na kurudi. Mavagoni hayakuwa na paa. Muziki ulipigwa, watu wakanywa chai, wakacheza michezo kwenye bustani, wakasikiliza hotuba, wakarudi nyumbani jioni bila mlevi hata mmoja. Kwa wengi, ile ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kupanda treni.

Miaka iliyofuata Thomas akahamia Leicester. Akafungua duka la vitabu na kazi ya kuchapa makaratasi, na bibi yake Marianne akaongoza hoteli ndogo isiyouza pombe. Kila kipindi cha joto Thomas alipanga safari nyingine za namna ile kwa wanachama na watoto wa masomo ya dini, bila kutafuta faida.

Kutangulia njia

Mwaka wa 1845 njo alipoanza kupanga safari kama kazi ya kumlisha. Ilikuwa safari ya kutoka Leicester kwenda Liverpool, na waliotaka waliweza kuendelea kwa boti mpaka Caernarfon, nchi ya Wales. Hapa tunaona tabia iliyomfanya kuwa mtu mwengine. Mbele ya kuuzisha tikiti, alikwenda yeye mwenyewe njia ile yote. Alipima saa, aliuliza bei, aliingia katika hoteli kuona kama vitanda ni safi, alionja chakula. Kule Caernarfon watu walisema lugha yao ya Kiwelshi, na alipata mtu mmoja tu aliyejua Kiingereza cha kutosha. Akapatana naye awe kiongozi wa wageni.

Aliporudi akaandika kitabu kidogo cha safari. Ndani yake aliweka saa za treni, miji watakayopita, mambo ya kuangalia na historia ya kila fasi. Msafiri alikuwa anasoma nyumbani, pamoja na bibi na watoto, mbele ya siku ya kwenda. Alipofika, hakuwa kipofu. Tikiti zikaisha mara moja, mpaka wengine waliozinunua wakaziuzisha tena kwa bei mara mbili.

Mwaka wa 1846 akapeleka watu 350 Scotland, na pale akapata fundisho kali. Treni haikuwa na choo, na haikusimama fasi watu waliyotegemea. Chai iliyoahidiwa njiani hawakuipata. Kwenye meli vyumba havikutosha, na wengi wakakaa nje usiku kucha katika mvua na upepo. Ni kweli kwamba kule Glasgow walipokelewa kwa muziki na kwa mizinga, lakini wasafiri hawakusahau njaa na baridi. Mwaka ule ule biashara yake ikaanguka, akafilisika.

Wengi wangeacha. Yeye akaanza upya, na kutoka pale hakuahidi tena kitu ambacho hakukihakikisha mbele. Scotland yenyewe alirudi mara nyingi, na miaka iliyofuata ikawa njia yake kubwa kuliko zote.

Adabu kwa nyumba ya watu

Kulikuwa jambo jingine lililomsumbua kuliko saa za treni. Katika Uingereza ya wakati ule, wenye majumba makubwa walianza kuruhusu watu wa kawaida kuingia kutazama bustani na picha zao. Moja ya majumba yale lilikuwa Belvoir, la Duke wa Rutland. Mwaka wa 1848 Thomas alitayarisha safari za kwenda pale. Lakini mbele ya watu wake, vikundi vingine vikubwa vilifika Belvoir na kufanya mambo ya haya, na wenyeji wakalalamika.

Thomas hakunyamaza. Katika kitabu kidogo cha safari ile aliandika wazi kabisa kwamba tabia ya namna ile ni chukizo. Alieleza kwamba wachache wakikosa adabu, wanawaharibia njia wengi wanaofuata nyuma. Mwenye nyumba hatakumbuka jina la yule aliyekosa. Atakumbuka tu kwamba walikuwa wafanyakazi waliokuja kwa treni, na mara ya pili atafunga mlango. Sisi tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na Thomas aliijua maana yake bila kujua mezali yenyewe.

Alifundisha pia kwamba mgeni asiende na mikono mitupu. Kwenye kisiwa cha Iona, upande wa magharibi wa Scotland, watu walikuwa wavuvi maskini sana. Wasafiri wa Cook walikuwa wanafika kwa meli, wanatazama kanisa la zamani, wanarudi. Thomas aliona haya kuona watu wake wanafurahi katikati ya wenye njaa. Akaanza kukusanya franga kwa wasafiri, kila mtu kadiri ya nguvu yake. Kwa miaka michache mchango ule ukanunua boti za kuvulia samaki zaidi ya ishirini, pamoja na nyavu, kwa watu wa Iona. Kutoka siku ile mtalii hakuwa tena mtu wa kupita tu. Wenyeji walijua nini aliwaachia.

Likelemba ya kwenda London

Mwaka wa 1851 kulikuwa maonyesho makubwa London, ndani ya jumba la kioo lililochorwa na Joseph Paxton. Vitu vya mataifa yote vilionyeshwa: mashine, vitambaa, madini, vyombo. Mfanyakazi wa kiwanda wa Yorkshire ao Derbyshire angefikaje kule, na mshahara wake unaisha kila wiki?

Thomas na mtoto wake John Mason, aliyekuwa na miaka 17, walizunguka miji ya viwanda wakiunda vyama vya kuweka akiba. Kila wiki mfanyakazi alitoa franga kidogo, sawa mtu anayelipa likelemba yake, mpaka safari ilipotimia. Thomas alitafuta pia fasi za kulala kule London, zenye bei ndogo na usafi, sababu alijua kwamba mtu mgeni katika mji mkubwa, usiku, bila mahali pa kulala, ni chakula cha wezi. Alianzisha pia gazeti lake la safari, lililotoa habari na mashauri. Maonyesho yalipofungwa, alikuwa amepeleka London watu zaidi ya 150,000.

Matajiri wengine waliogopa. Walidhani wafanyakazi wakija wengi vile wataleta fujo mjini. Haikuwa vile. Watu walivaa nguo zao za siku ya Mungu, wakashika watoto mikono, wakatembea polepole, wakatazama mashine ambazo wao wenyewe ao wenzao walitengeneza. Waliokuwa wakiwadharau hawakupata la kusema.

Kuvuka bahari

Mwaka wa 1855 maonyesho mengine yalifanyika Paris. Thomas akapeleka kikundi chake cha kwanza nchi za ng'ambo. Walipita Antwerpen na Bruxelles, wakaona mto Rhin, wakateremka mpaka Strasbourg, wakamaliza Paris. Yeye mwenyewe hakujua Kifaransa wala Kijerumani. Lakini alijua kutafuta anayejua, alijua kuuliza kwa upole, na alijua kuandika kila kitu mbele. Faida hakupata, hasara alipata. Hata hivyo njia ilifunguka.

Mwaka wa 1861 Paxton yule yule wa jumba la kioo aliongoza kamati ya wafanyakazi waliotaka kuona Paris. Thomas akapanga safari, na watu zaidi ya 1,600 wakavuka bahari. Wengi hawakuwa wametoka nje ya nchi yao hata siku moja. Tukumbuke kwamba Waingereza na Wafaransa walikuwa maadui wa zamani, na babu za wale wafanyakazi walipigana vita na babu za Wafaransa wale. Sasa walikuja wakiwa na valizi na kofia mkononi. Thomas akapata hasara tena, lakini alihesabu safari ile kuwa kazi ya amani.

Kisha makampuni ya treni ya Scotland yakaacha kumpa bei ya chini. Akageukia Uswisi, mwaka wa 1863. Kikundi cha kwanza kilipita Paris na Genève, wakapanda milima ya theluji. Ndani yao kulikuwa mwanamke mmoja wa Yorkshire, Jemima Morrell, aliyeandika habari za safari siku kwa siku. Daftari yake ilikuja kupatikana nyuma ya vita kuu ya pili. Tunamtaja kwa sababu nzuri. Katika wakati ule mwanamke asiye na bwana ao kaka wa kumsindikiza hakuweza kusafiri bila kusemwa vibaya. Katika kikundi cha Cook aliweza. Watu walijua kwamba huyu mtu wa dini anaangalia wasafiri wake sawa mzazi. Wanawake walikuja wengi, walimu wa shule, wajane, mabinti, na wakarudi salama.

Masengenyo ya konsula

Mwaka wa 1865 njo matusi yalipokuja. Charles Lever, mwandishi wa vitabu aliyekuwa konsula mdogo wa Uingereza kule Italia, aliandika katika gazeti moja kubwa maneno ya kumchekelea Cook na watu wake. Aliwaita sawa kundi la wanyama linaloswagwa. Alifika hata kutunga uongo kwamba wale ni wafungwa ambao Uingereza ilitaka kuwatupa Italia, kisha akasema aliwaambia Waitalia vile. Kwa yeye, barabara za Florence na makanisa ya Roma ni mali ya mabwana wenye kusoma. Fundi wa viatu ao mwalimu wa kijiji akifika pale, anaharibu picha.

Thomas alijibu kwa maandiko, na alipeleka malalamiko mpaka kwa waziri wa mambo ya nje. Maana ya jibu lake ilikuwa hii: Mungu hakuumba milima na bahari juu ya watu wachache. Mtu aliyezaliwa fasi ya chini ana haki ya kuona uzuri wa dunia, na kumsengenya kwa sababu ya kuzaliwa kwake ni haya kwa anayesengenya. Lakini jibu lake kubwa halikuwa katika maandiko. Lilikuwa katika mwenendo wa wasafiri wake. Kila kikundi kilichorudi bila ugomvi, bila deni kwa hoteli na bila kilio cha wenyeji, kilimfunga konsula kinywa. Wenye hoteli wa Uswisi na wa Italia, waliokuwa na mashaka kwanza, sasa waliandika barua kumwomba alete wengine.

Tunaomba wasomaji waone uzito wa jambo hili. Tajiri akikosa adabu ugenini, watasema ni kichwa chake kibaya. Maskini akikosa adabu, watasema njo ginsi maskini wote walivyo. Si haki, lakini dunia inakwenda vile. Thomas alilijua, na ndiyo sababu alidai maandalizi na heshima kwa nguvu. Kwake ile ilikuwa ngao ya watu wadogo.

Karatasi zilizookoa wasafiri

Alipata pia dawa ya shida mbili za zamani. Ya kwanza ni kudanganywa bei. Kutoka mwaka wa 1868 aliuzisha kuponi za hoteli. Msafiri alilipa nyumbani, kwa franga za kwao, na akifika hoteli iliyopatana na Cook alitoa karatasi tu, akapata kitanda na chakula bila kubishana. Shida ya pili ni wezi. Mwaka wa 1874 alianza kutoa karatasi za fedha, ambazo msafiri alizibadilisha kuwa franga za nchi aliyofika. Mtu hakuhitaji tena kushona dhahabu ndani ya koti.

Mwaka wa 1869 alipeleka kikundi chake cha kwanza Misri na Palestina. Walipanda mto Nil kwa meli mbili za moshi, kisha wakakaa katika mahema wakielekea Yerusalemu. Kwa Mbaptiste aliyehubiri Biblia vijijini akiwa kijana, kukanyaga udongo ule kulikuwa utimilifu wa maisha.

Mwezi wa tisa wa 1872 aliondoka Liverpool kuzunguka dunia, na kikundi kidogo. Alikuwa na miaka 63. Walipita Marekani kwa treni, wakavuka bahari mpaka Japani, wakaona China, Singapuri, Ceylon na Uhindi, wakarudi kwa njia ya Misri. Siku zote zilikuwa 222. Wakati yeye yuko njiani, kule Paris Jules Verne alikuwa anachapisha hadithi yake ya mtu anayezunguka dunia kwa siku 80. Thomas alichukua siku nyingi zaidi, lakini safari yake haikuwa hadithi.

Uzee na huzuni

Hatutaki kumchora sawa malaika. Aliona dunia kwa macho ya Mwingereza wa wakati wake, na mara nyingine alihukumu dini na desturi za wengine kwa haraka. Tena, kampuni yake, chini ya mtoto wake, ilikuja kutumika na serikali ya Uingereza kule Misri. Mwaka wa 1884 meli za Cook zilibeba askari juu ya Nil kwenda kumwokoa Jenerali Gordon kule Khartoum. Njia iliyofunguliwa kwa wageni wenye kubisha hodi ilipitiwa pia na watu wenye bunduki. Sisi Wakongomani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Historia yetu imejaa wasafiri walioingia bila kubisha.

Ndani ya jamaa pia mambo hayakuwa laini. John Mason alikuwa mtu wa hesabu kali. Hakupenda baba achanganye biashara na sadaka. Wakagombana, na mwishoni mwa miaka ya 1870 baba akaachia mtoto kazi yote. Mwaka wa 1880 binti yake Annie alikufa ndani ya nyumba, akioga, kwa hewa mbaya ya mashine ya kupasha maji. Miaka minne baadaye Marianne naye akafariki. Mzee akapofuka macho. Mtu aliyeonyesha wengine dunia akamaliza siku zake akiwa gizani. Alikufa tarehe 18 mwezi wa saba, 1892, pale Leicester, na miaka 83. Kampuni ilinunuliwa mwaka wa 1928 na ile ya Wagons-Lits, iliyoanzishwa na Mbeleji Georges Nagelmackers. Mbele ya gare ya Leicester kuna sanamu yake, iliyosimamishwa mwaka wa 1994.

Kwetu hapa

Tunapata nini katika maisha haya, sisi watu wa migodi? Wengi wetu hatutaenda Uswisi. Lakini kila siku watu wa kwetu wanapita Kasumbalesa kwenda Kitwe, Ndola na Lusaka, wengine wanafika Dar es Salaam ao Johannesburg, kwa biashara, kwa matibabu, kwa ndoa ya mtoto, ao kupumzika tu.

Tufanye sawa Thomas: tutangulie njia. Tuulize wale waliokwisha kwenda. Tuangalie pasipoti kama ingali na miezi ya kutosha, tutafute viza inayotakiwa, tusisahau ile karte ya manjano ya chanjo. Tuweke akiba kidogo kidogo kila mshahara, tusikope siku ya mwisho. Franga zisikae zote katika mfuko mmoja. Fasi ya kulala ijulikane mbele ya jua kutua. Na wale wanaokwenda Zambia wakumbuke kwamba kule magari yanapita upande wa kushoto: mbele ya kuvuka barabara, tazama kwanza kuume. Jambo dogo, lakini linaokoa maisha.

Kisha adabu. Ukifika kwa Wabemba, salamu inatangulia neno lolote, hata kama una haraka. Ukifika Tanzania, usidhani Kiswahili chetu kitatosha vile kilivyo. Kule mkubwa kwa miaka anaamkiwa shikamoo, naye anajibu marahaba. Kijana asiyemwamkia mzee vile anaonekana hakulelewa. Kule pia, mtu akitaka maji hasemi nipe, anasema naomba. Sisi tunasema nipe bila ubaya wowote, lakini sikio la mwenyeji linasikia amri. Tusipige watu picha bila ruhusa. Tukialikwa kula, tukubali chakula chao hata kama si bukari na sombe ya nyumbani. Na tusirudi bila kuacha kitu, hata kama ni shukrani tu iliyosemwa vizuri.

Kwenye mpaka, yule polisi wa viza hataandika katika buku lake kwamba fulani alikuwa mpole. Lakini kesho, mwingine wa kwetu akitoa pasipoti ileile, atapokelewa kufuatana na namna tulivyopita jana.